Kobalti na shaba: kwa resho tu, metali inaota nyuzi za kurusha elektroni

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani. Malori yanaibeba kutoka Kolwezi, na wengi wanaijua kwa sababu ya betri tu. Lakini kobalti, sawa na shaba, ina kazi nyingine isiyozungumzwa sana.

Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walionyesha kwamba shaba ikipashwa moto hewani kati ya digrii 400 na 700, uso wake unaota nyuzi za oksidi ya shaba. Uzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele wa mtu mara mamia. Mwaka 2005, wenzao wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walipasha kobalti hewani juu ya resho, nayo ikaota kuta ndogo za oksidi ya kobalti. Kisha wakapima jinsi kuta hizo zinavyorusha elektroni.

Elektroni haitoki ndani ya metali bila kusukumwa. Katika televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, ilisukumwa na moto. Penye ncha nyembamba moto hauhitajiki: nguvu ya umeme inajikusanya pale na kuvuta elektroni nje, metali ikiwa baridi. Ralph Fowler na Lothar Nordheim walieleza jambo hilo tangu mwaka 1928. Leo linatumika katika darubini za elektroni, na watafiti wanalijaribu kwa mashine ndogo za radiografi.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo inataka chombo kilichoondolewa hewa karibu yote. Gesi kidogo ikibaki, inaharibu ncha na mkondo unapanda na kushuka. Tena nyuzi hazilingani: zile ndefu zinabeba mzigo wa zote, na baadhi yake zinaungua.

Kwa hiyo kuotesha ni rahisi, kupima ni ghali. Kwa mwanafunzi wa fizikia au kemia wa Lubumbashi, Bukavu ao Goma, nusu ya kwanza iko karibu: kipande cha shaba safi, moto unaopimwa, na saa chache. Nusu ya pili inadai pampu ya kuondoa hewa na darubini ya elektroni. Bila vyombo hivyo, madini yataendelea kutoka nchini, na elimu juu yake itaandikwa kwingine.