Tone Moja la Petroli: Hesabu ya Harufu Inayokuja na Kutoweka

Chukua tone moja la petroli, mililita 0.05, lidondoshe kwenye zulia la gari la viti viwili, kisha funga milango. Likishakauka litakuwa limegeuka mvuke wa mililita 13 hivi. Tuchukulie kwamba ndani ya gari dogo la namna hiyo mna hewa lita 2,000. Ukigawanya, unapata zaidi ya sehemu 6 za mvuke katika kila sehemu milioni za hewa. Pua yenye afya huinusa petroli hata kabla haijafika sehemu moja katika milioni. Tone hilo moja basi linatosha kumfanya dereva ashushe vioo na kuanza kuwaza tangi limetoboka.

Hapo ndipo pesa huanza kupotea. Harufu ikiwa kali, mwenye gari huamini kasoro ni kubwa, na fundi aliyebanwa na kazi huamini vivyo hivyo. Lakini pua inajua tu kwamba petroli ipo. Kiasi haikijui, na mahali inapotoka haipajui. Nimeshuhudia watu wakitumia pesa nyingi kwa sababu ya mpira wa thamani ya chai na mandazi, na ndiyo maana nataka tuipige hesabu hii hadharani.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lililotengenezwa kati ya 1969 na 1973. Wenye umri wao Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa vumbi na matope ya Safari Rally: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 wakafuata Shekhar Mehta na Lofty Drews. Lakini mengi hayakuja huku. Zaidi ya 140,000 yaliuzwa Marekani, bei ya kuanzia ikiwa dola 3,526. Rafiki yangu aliyehamia California analo moja la mwaka 1972. Kwa miezi minne harufu ya petroli ilikuwa ikija na kutoweka. Siku akilipeleka gereji, hainuki. Akilirudisha nyumbani, baada ya siku tatu inanuka tena hadi sebuleni.

Gereji ya kwanza ilibadilisha pampu ya mafuta na kufungua kabureta zote mbili. Bili ilipita dola 1,200, na wiki iliyofuata harufu ikarudi. Simlaumu fundi kwa kukosa ujuzi. Kabureta zile zilihitaji kusafishwa kweli. Kosa lilikuwa kuanza na kifaa badala ya kuanza na saa.

Nilimwomba rafiki yangu aweke daftari ndani ya gari, aandike mambo manne kila aliponusa na kila alipokosa kunusa: saa ngapi, tangi lina kiasi gani, jua au baridi, na gari limesimama au linatembea. Aliandika kwa siku 19. Daftari lilimgharimu dola 2, na katika hesabu yote hii hakuna pesa iliyofanya kazi kubwa zaidi ya hizo.

Kwa nini daftari, na si kipimo cha mafuta kwenye dashibodi? Tuseme gari linadondosha tone moja kila dakika, mchana na usiku. Hiyo ni mililita 72 kwa siku, lita 2 na kidogo kwa mwezi. Dereva anayekwenda kilomita 800 kwa mwezi, kwa lita 12 kila kilomita 100, huchoma lita 96. Lita 2 ni kama asilimia 2 ya hizo, tofauti ambayo foleni ya siku moja inaweza kuifunika. Mshale wa dashibodi hautaiona kamwe. Na kama uvujaji unatokea tu kwa dakika 40 za safari, ni matone 40, mililita 2, ambazo hukauka kwenye chuma cha moto kabla hazijafika sakafuni. Usishangae basi kuchungulia chini ya gari na kukuta pakavu.

Kwenye daftari palijitokeza mambo matatu. Harufu nyingi ilikuja alasiri, gari likiwa limesimama juani. Ilikuja zaidi siku aliyojaza mafuta, au siku iliyofuata. Tangi likishuka chini ya nusu, ilikuwa inatoweka kabisa, isipokuwa harufu nyingine hafifu aliyoipata akiendesha barabara kuu huku kioo kimeshushwa. Hiyo ya mwisho iliandikwa mara tatu tu, na nitairudia.

Petroli hutanuka kwa joto, karibu sehemu 0.00095 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tangi la 240Z hubeba lita 60. Lijaze hadi shingoni asubuhi kwa petroli ya nyuzi 15, iliyotoka kwenye matangi ya chini ya ardhi, kisha uliache gari juani hadi petroli ifike nyuzi 35. Lita 60 mara 0.00095 mara 20: lita 1.14. Zaidi ya lita moja ya petroli imezaliwa humo humo tangini, na lazima itafute pa kwenda.

Wahandisi wa Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, waliyajua hayo. Kwenye magari ya soko la Marekani waliweka kitangi cha akiba cha kupokea petroli inayotanuka pamoja na mvuke wake, na mipira kadhaa ya kukiunganisha na tangi kubwa, shingo ya kujazia na bomba linalopeleka mvuke mbele kwenye injini. Kitangi hicho kimo ndani ya gari, nyuma ya jopo la plastiki, upande wa kulia wa sehemu ya mizigo. Gari hili halina buti iliyotengwa na abiria. Sehemu ya mizigo na viti vinatumia hewa moja. Kwa hiyo mpira wowote ukipasuka pale, hakuna ukuta kati ya ufa huo na pua ya dereva.

Na mipira hiyo ni ya mwaka 1972. Mpira wa miaka 50 hukauka, hukakamaa, hupasuka kwenye kona alipopindia fundi wa kiwandani. Petroli ya Marekani siku hizi kwa kawaida huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, kitu ambacho mipira ya enzi zile haikutengenezewa. Tangi likiwa nusu, kinachopita humo ni mvuke kidogo. Likijazwa hadi shingoni, petroli yenyewe hupanda na kuulowesha ufa. Mwenendo wa kuja na kutoweka unaanza kueleweka: haukuwa na maajabu, ulifuata kituo cha mafuta na jua.

Hata hivyo kulikuwa na mshukiwa mwingine aliyestahili kusikilizwa, kwa sababu naye hunuka gari likiwa limesimama. Injini ya L24, ya silenda sita na sentimita za ujazo 2,393, ina kabureta na ekzosi upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya chuma cha moto. Injini ikizimwa, feni na upepo wa safari hukoma, lakini joto linaendelea kupanda. Maji ya rejeta yako nyuzi 80 na zaidi, ilhali sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka chini ya nyuzi 40. Petroli iliyobaki kwenye bakuli za kabureta hutoa mvuke, na gereji hunuka. Ila harufu hiyo huja ndani ya dakika chache baada ya kuzima, huwa kali upande wa boneti, na huisha gari likipoa. Ya rafiki yangu ilianza saa tano au sita baada ya kuzima, na ilitoka nyuma. Saa ilimwondolea kabureta hatia, dola 1,200 zikiwa zimeshalipwa.

Kulitoa jopo la plastiki kulichukua dakika 25, nyingi zikiwa za kubembeleza vifungo vilivyokakamaa. Tulikuwa tukitazamana kwenye simu, yeye California, mimi Nairobi. Mipira yote ilionekana mizima. Akafunga karatasi laini nyeupe kila kiungio, akajaza tangi, akaliacha gari nje hadi alasiri. Karatasi moja ilirudi na doa la manjano. Kwa kioo kidogo cha mkononi akauona ufa upande wa nyuma wa mpira, ule unaogusa chuma, urefu wake kama ukucha.

Sasa bei. Marekani mpira wa mafuta wenye ubora ni kati ya dola 10 na 20 kwa mita, kutegemea upana. Klipu moja haizidi dola 2. Rafiki yangu alibadilisha mipira yote ya kitangi kile kwa mara moja, hata iliyoonekana mizima, maana yote ina umri mmoja. Alitumia dola 85 na saa 3 za Jumamosi. Angemlipa fundi, ambaye saa yake moja huko kwa kawaida huvuka dola 100, ingefika dola 400 hivi. Gereji ya pili ilikuwa imeshampa makadirio ya kushusha tangi, kulisafisha na kulipaka dawa ndani: dola 900. Ukijumlisha na bili ya kwanza, dola 2,100 zingeutafuta ufa wa ukucha mmoja na zisiuone.

Msomaji asidhani ninasema harufu ni jambo dogo. Mvuke wa petroli huweza kuwaka ukifika asilimia 1.4 ya hewa, yaani sehemu 14,000 katika milioni. Kwa lita zetu 2,000 za hewa hiyo ni lita 28 za mvuke, na hutoka kwenye mililita 110 hivi za petroli: chini ya nusu ya glasi. Na hapo nimechukulia kwamba mvuke umeenea sawasawa. Kwa kweli hauenei hivyo. Ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, hutambaa chini na kujaza mashimo ya sakafu, kwa hiyo karibu na zulia hatari inaweza kufika mapema zaidi. Lita 1.14 zilizotafuta njia alasiri ile ni mara kumi ya kiasi hicho. Ndiyo maana nilimsihi asiegeshe gari hilo kwenye gereji iliyoungana na nyumba, na aing'oe waya ya betri akiwa nje, milango ikiwa wazi, kabla ya kugusa jopo. Taa ya kumulika iwe ya betri, iliyowashwa mbali na gari. Kiberiti na sigara hata nisitaje.

Ile harufu ya barabara kuu iliyoandikwa mara tatu haikutoka kwenye mpira. Gari lenye mgongo kama wa 240Z, likienda kasi, huvuta hewa ya nyuma yake, na ikiwa kioo kimeshushwa moshi wa ekzosi hupenyezwa ndani kupitia sili ya mlango wa nyuma na gasketi za taa. Moshi wa injini ya kabureta hubeba petroli isiyoungua, pua huuita petroli, lakini umebeba pia kaboni monoksidi, ambayo haina harufu hata kidogo. Moshi wa namna hiyo unaweza kuwa na asilimia 2 ya gesi hiyo, sawa na sehemu 20,000 katika milioni. Sehemu moja tu ya moshi ikichanganyika na hewa sehemu elfu moja, dereva anavuta 20. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, ambayo ni karibu sehemu 9 katika milioni.

Kipimo kidogo cha gesi hiyo, cha kushika mkononi, kinachoonyesha hata namba za chini, hutenganisha harufu hizi mbili bila ubishi, kwa sababu petroli mbichi haina kaboni monoksidi. Rafiki yangu alikinunua dola 60. Vioo vikiwa vimefungwa kilisoma 0. Alipokishusha kimoja, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kilipanda hadi 14. Gasketi za taa ameshaagiza. Mpaka zifike anaendesha vioo vikiwa juu, mkondo wa hewa ya mbele ukiwa wazi, na kipimo kikiwa kwenye kiti cha pili.

Jumapili iliyopita alijaza lita 60 saa 12 asubuhi, akaliegesha gari juani, akarudi saa 9 alasiri na kufungua mlango wa nyuma. Karatasi zote saba zilikuwa nyeupe. Akaandika namba hiyo kwenye daftari, ukurasa wa 22.