Ritifaa si Takataka

Nukta, mkato, kiulizo na ndugu zao ni wengi mno kuwataja mmoja mmoja. Ndiyo maana mtaalamu huiamuru kompyuta kwa kukanusha: nitafutie kila kisicho herufi, tarakimu wala nafasi. Huandika [^A-Za-z0-9 ]. Kile kijikofia mwanzoni mwa mabano ndicho kikanushi.

Njia ni fupi, lakini ina mtego. Kwa amri hiyo, ritifaa nayo si herufi. Ukifuta vyote vilivyonaswa, ng'ombe anageuka ngombe, na "ng'oa" inakuwa "ngoa", yaani wivu!

Dawa ni kuitia ritifaa mabanoni: [^A-Za-z0-9' ]. Nami nasema, anayetaka kuwafukuza wageni sharti kwanza awajue wenyeji wote.