Karnitini: Ipi Yakufaa?

Mjini huuzwa makopo ya vidonge vya karnitini, nao wauzaji husema vyayeyusha unene. Kabla hujatoa fedha ya karo ya watoto, yafaa ujue ni kitu gani. Iligunduliwa katika nyama mwaka 1905. Kazi yake ni kuchukua mafuta na kuyaingiza katika mitokondria ndani ya chembe za mwili, yakachomwe kuwa nguvu. Ini na figo za mtu mzima mwenye afya huitengeneza ya kutosha, hata kama hali nyama. Naye alaye nyama ya ng'ombe huipata kwa wingi, na mwili huipokea vizuri kuliko ile ya vidonge.

Basi, aina zake. L-karnitini tupu ndiyo madaktari huwapa wenye upungufu wa kweli. Iliyoungwa na tartarati hupendwa na wanamichezo. Ya asetili huweza kuingia ubongoni, kwa hiyo hutafutiwa wazee wanaosahau, ingawa majaribio hayakupatana. Ya D usiiguse: huizuia ile njema. Unene wenyewe hupungua kidogo tu. Tena gramu 3 kwa siku huweza kuleta kichefuchefu, kuhara, na mwili kunuka samaki (mama watoto atalalamika!). Mwenye kifafa, au anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande, amwone daktari kwanza.