Kukatua Bangili na Mapambo Nyumbani

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo ni juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini limekwisha kuharibu mali ya watu wengi: namna ya kukatua bangili, vikuku na mikufu iliyopoteza mng'ao wake. Katika nyumba nyingi za Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe imo bangili ya shaba au ya fedha iliyoachwa na bibi. Ikija siku ya arusi hutolewa sandukuni, ikaonekana nyeusi, na mara mtu huchota mchanga wa ziwani akaisugua. Bangili hung'aa kweli. Lakini nakshi zake zimekwenda pamoja na mchanga, wala hazirudi tena. Basi yafaa tujue kwanza weusi ule ni kitu gani, ndipo tujue namna ya kuuondoa.

Shaba si kitu kigeni katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi iliyotoka pwani ilileta bara nguo, ushanga na masango, yaani nyaya nene za shaba, na mafundi wa bara walizivuta zikawa nyembamba, wakazisokota kuwa vikuku. Shaba nyekundu ni shaba tupu. Shaba ya manjano ni shaba iliyochanganywa na zinki. Zote mbili hushikwa na hewa, na jasho la mwili huzidisha. Kwanza huwa kahawia, halafu nyeusi, na mahali penye unyevu hutoka kutu ya kijani. Watu wa pwani huona jambo hili upesi zaidi, kwa sababu ya chumvi iliyomo katika hewa ya bahari. Ziwa letu ni la maji baridi, lakini jasho letu lina chumvi vile vile.

Fedha ina adui mwingine, naye ni kiberiti. Hatusemi vijiti vya kuwashia moto, bali kile kitu cha asili cha rangi ya manjano ambacho kimo kidogo kidogo katika mayai, vitunguu, mpira, na katika harufu ya samaki waliooza. Kiberiti kikiigusa fedha, huungana nayo na kufanya utando mweusi. Kwa hiyo weusi wa fedha si uchafu uliotoka nje tu; ndani yake imo fedha yenyewe. Ukiukwangua, umekwangua fedha.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kabla ya yote, oshe bangili kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kitambaa laini cha pamba. Mara nyingi ule uonekanao kuwa weusi ni mafuta na vumbi tu, na kazi yako imekwisha hapo.

Ikiwa ni shaba na bado ni nyeusi, chukua ukwaju kiasi cha konzi moja, uloweke katika maji, uuchuje, na utie chumvi kidogo. Maji ya ndimu au ya limau hufaa pia. Tumia bakuli la udongo au la kioo. Chovya bangili kwa dakika chache, uisugue polepole kwa kitambaa, kisha ioshe kwa maji ya sabuni, uisuuze na kuikausha kabisa. Ukali wa ukwaju huyeyusha ule utando na kuiacha shaba. Lakini usiiache humo usiku kucha. Shaba ya manjano ikikaa sana katika ukali huo hugeuka rangi kama ya waridi, maana zinki imetolewa na shaba nyekundu imebaki juu. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili kwa kipande cha waya.

Ikiwa ni fedha, yako njia isiyopunguza mali yako. Twaa sufuria kuukuu ya alumini ambayo haipikiwi tena, uiweke mahali penye hewa, utie maji ya moto, na kwa kila kikombe cha maji utie kijiko kimoja cha magadi. Laza bangili humo hata iguse alumini. Mapovu yatatoka, na pengine harufu kama ya yai bovu. Harufu hiyo ni kiberiti kinachoiacha fedha. Alumini huharibika kwa niaba yake, na fedha iliyokuwa katika utando mweusi hubaki kuwa fedha. Baada ya dakika chache itoe, uioshe na uikaushe. Lakini chombo chenye ushanga, lulu, au mawe yaliyogandishwa kwa gundi kisitiwe katika maji hayo wala katika ukwaju. Kifutwe kwa kitambaa tu.

Hapa tuna maonyo manne.

La kwanza, vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Mapambo mengi ya dukani ni ya kuchovya, na utando wake wa juu ni mwembamba mno. Ukiona rangi nyingine imetokeza pembeni, acha kusugua mara moja.

La pili, usitumie maji ya betri, wala usichanganye ndimu na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

La tatu latuhusu sana sisi tulio jirani na Geita, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikusanya dhahabu. Pete ya dhahabu ikiguswa na zebaki hugeuka nyeupe. Wako watu wanaoiweka juu ya makaa ili rangi irudi. Rangi hurudi kweli, lakini zebaki haikupotea. Imekuwa mvuke usio na harufu, na wote waliomo nyumbani wameuvuta. Sumu hiyo hudhuru ubongo na mafigo, na hudhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Pete ya namna hiyo ifungwe katika chupa, ipelekwe kwa sonara mwenye vifaa vya kujikinga na mvuke, na aambiwe wazi kwamba imeguswa na zebaki.

La nne, fedha za zamani zisikatuliwe kamwe. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga huko Tabora heleri 20 za shaba, na baadhi ya jamaa wangali nazo. Wanunuzi wa sarafu huzithamini kwa rangi yake ya uzee. Zikisuguliwa, thamani hushuka.

Mwisho, bangili iliyokwisha kukauka yaweza kupakwa nta ya nyuki, kidogo sana, kwa kitambaa chenye joto. Nta huizuia hewa. Ifunge katika kitambaa cha pamba, uiweke mbali na moshi wa jikoni na vitu vya mpira. Ukifanya hivyo haitahitaji kukatuliwa mara kwa mara, na kadiri inavyokatuliwa mara chache, ndivyo mjukuu wako atakavyoziona nakshi zile zile alizoziona bibi yako.