Mzee Amelazwa: Tumwuguze Vizuri



Tuchukue mfano. Bibi ameteleza njiani akitoka kisimani. Amevunjika nyonga. Amepelekwa hospitali na kulazwa. Daktari amemwona na dawa anapata. Baada ya wiki mbili maumivu ya nyonga yamepungua. Lakini sasa ana kidonda kikubwa makalioni. Kidonda hicho hakutoka nacho nyumbani. Amekipatia kitandani.

Kidonda hiki hutokana na nini? Mgonjwa akilala upande mmoja kwa muda mrefu, mfupa na kitanda huibana nyama iliyo katikati. Damu haipiti vizuri. Nyama isiyopata damu hufa. Ngozi ya mzee ni nyembamba, kwa hiyo huharibika upesi. Sehemu za kuangalia ni makalio, nyonga, visigino, viwiko na mgongo.

Florence Nightingale alikuwa muuguzi Mwingereza. Mwaka 1859 aliandika kwamba vidonda vya namna hii mara nyingi haviletwi na ugonjwa, bali na upungufu wa uuguzi. Maana yake ni kwamba vingi vyaweza kuzuiwa.

Uuguzi mzuri ni huu:

1. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Asiburutwe. Ainuliwe kwa shuka, watu wawili wakisaidiana. Kama amevunjika mfupa, muuguzi aonyeshe jinsi ya kumgeuza.

2. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Akijikojolea, asafishwe mara moja. Asikaripiwe.

3. Ngozi yake itazamwe kila siku. Mahali palipobadilika rangi, penye joto au pagumu, pasisuguliwe. Muuguzi aambiwe upesi.

4. Apewe maji mara kwa mara, isipokuwa daktari amekataza. Mzee huweza kukaukiwa maji bila kusikia kiu.

5. Wakati wa kula aketishwe. Akilishwa amelala chali, chakula chaweza kuingia mapafuni. Sahani ikiwekwa mbali naye, hataifikia, naye atashinda na njaa.

6. Daktari akiruhusu, asaidiwe kuketi, kusimama na kutembea. Kulala tu hupunguza nguvu za miguu.

Jambo jingine ni la akili. Mzee aliyekuwa mzima wa akili huweza kuanza ghafla kusema ovyo, au kusahau alipo. Watu wengine husema amerogwa. Wengine husema ni uzee tu. La! Huenda ana homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo, upungufu wa maji, au dawa haimpatani. Mwambieni muuguzi siku hiyo hiyo. Mkikaa kimya, anaweza kufa kwa ugonjwa unaotibika.

Ni kweli kwamba muuguzi mmoja huweza kuwa na wagonjwa wengi. Ndugu wa mgonjwa, usimgombeze. Mwendee kwa adabu, useme: "Dada muuguzi, shikamoo. Mama yangu hajageuzwa tangu asubuhi. Nionyeshe, nikusaidie." Kama hakuna linalofanyika, mwone muuguzi mkuu wa wodi. Kuuliza si ugomvi. Mgonjwa ni haki yake kutunzwa.

Nanyi ndugu wauguzi, mwamkieni mzee. Mwiteni bibi au babu, si "kitanda namba tano". Kama hasikii vizuri, simameni mbele yake mseme polepole. Mfunikeni mnapomwosha. Mzee aliyevuliwa nguo mbele ya watu huona haya, na kesho hataomba msaada.

Wazee hawa walitubeba mgongoni. Leo ni zamu yetu kuwageuza kitandani.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mgonjwa ageuzwe?
2. Taja sehemu tano za mwili zinazopata vidonda vya kitandani.
3. Mzee akianza ghafla kusema ovyo, utafanya nini?