Dawa ya Ardhi Iliyochoka: Kazi ya Vijana Wenye Elimu katika Kajiado

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Namanga hupita Kitengela, kisha Isinya, kisha mji wa Kajiado. Zamani nchi hiyo ilikuwa mbuga ya majani, na ng'ombe wa Wamaasai walilisha humo pamoja na nyumbu. Leo msafiri huona maduka, nyumba na seng'enge. Na penginepo huona ardhi tupu, ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayazami, bali hukimbilia makorongoni na kuchukua udongo.

Je, ardhi kama hiyo yaweza kuponywa? Swali hili limewashughulisha vijana kadha wa elimu, na waliyojifunza yawafaa wote wenye mifugo.

Tabibu hatoi dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Katika miaka ya 2000, Bwana David Nkedianye, Mmaasai wa Kitengela, alifanya kazi katika utafiti ulioitwa Reto-o-Reto, maana yake "nikusaidie, nisaidie", chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wataalamu na wafugaji. Mwaka 2004 wenyeji wenyewe walishiriki kuzipima seng'enge za Kitengela na kuzitia katika ramani. Ndipo ilipodhihirika jinsi malisho yalivyokatwakatwa tangu ardhi ya jumuiya igawanywe katika miaka ya 1980. Bwana Nkedianye alichunguza pia vifo vya mifugo katika ukame wa mwaka 2005 na 2006, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 2013 akawa Gavana wa kwanza wa Kajiado.

Ugonjwa ukijulikana, hutafutwa mbegu. Huko Kibwezi, katika Makueni iliyo jirani, Bwana Kevin Mganga, alipokuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichunguza nyasi tatu za kienyeji ambazo wataalamu huziita Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus. Nyasi hizi huvumilia ukame, huishi miaka mingi, na ng'ombe huzipenda.

Lakini mbegu bila maji ni kazi bure. Kwa hiyo katika Kuku, kusini mwa Kajiado, shirika la Justdiggit la Uholanzi na Maasai Wilderness Conservation Trust wamewasaidia wenyeji kuchimba mashimo yenye umbo la nusu mwezi. Shimo moja lina urefu wa mita 5 hivi na upana wa mita 2 na nusu. Tuta lake huwekwa upande wa chini wa mteremko, ili maji yashukayo yanaswe, yazame polepole, na mbegu ziote.

Dawa iliyobaki ndiyo chungu kuliko zote, nayo ni kuipumzisha ardhi. Si jambo jepesi kwa baba mwenye ng'ombe waliokonda kutazama majani mabichi nyuma ya ua wa miiba na kuyaacha yakomae. Akifungua mapema, mbegu hazitaanguka, na jasho lote limepotea. Akingoja, huenda ng'ombe wake wakafa kabla ya mvua. Hapo shahada haitoshi, kwa maana uamuzi ni wa mwenye mifugo.

Hata hivyo kupumzisha ardhi si jambo geni. Tangu zamani Wamaasai walitenga olopololi, malisho ya akiba ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Leo vikundi vya wanawake wa Kajiado hutunza mashamba ya nyasi kwa namna hiyo hiyo, na kuuza mbegu na majani makavu.

Mwaka 2016 Kenya iliahidi kurudisha uzima wa ardhi hekta milioni 5.1, na Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kwa kazi hiyo duniani kote. Ahadi hizo ni kubwa. Lakini zitatimizwa shimo kwa shimo, mahali ambapo kijana mwenye elimu amekubali kuketi chini ya mti na kuwasikiliza wazee, na wazee wamekubali kuufunga ua hadi mbegu zianguke.