Kuunda Eropleni Nyumbani

Mtu akiambiwa ya kuwa eropleni imeundwa ndani ya banda la motakaa, nyuma ya nyumba, kwa mikono ya mwalimu au karani, huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Lakini jambo hili ni la kweli. Katika Marekani maelfu ya eropleni za namna hiyo zimekwisha kuruka. Mwaka 1953 Bwana Paul Poberezny alianzisha huko Milwaukee chama cha watu wa kazi hiyo, kiitwacho Experimental Aircraft Association. Na mwaka 1976 Bwana Don Taylor aliizunguka dunia kwa eropleni ya bati aliyoiunda mwenyewe, ya aina ya Thorp T-18. Leo twataka kueleza jinsi kazi hii ifanywavyo, na kwa nini yataka uaminifu kuliko nguvu.

Kwanza tutazame madini yenyewe. Alumini tupu ni nyepesi, lakini ni laini na hupindika upesi. Mwaka 1906 mtaalamu wa Ujerumani, Alfred Wilm, aligundua ya kuwa alumini iliyochanganywa na shaba kidogo, ikitiwa moto, ikapozwa ghafula, kisha ikaachwa siku kadhaa, huzidi kuwa ngumu yenyewe. Mabati ya eropleni ni ya ukoo huo: katika sehemu 100, shaba ni kama 4 tu. Lakini nguvu iliyopatikana kwa moto huweza kupotea kwa moto. Kwa hiyo mabati haya hayaungwi kwa kuchomelea. Hushonwa kwa ribiti.

Fundi huzipanga mbavu za bawa pamoja na boriti zake, hulaza bati juu yake, hushikiza kwa pini za muda, na kutoboa matundu kwa keekee. Kisha hufungua vyote tena. Kwa nini? Kwa sababu keekee huacha makali madogo kandokando ya tundu, na makali hayo yakiachwa huzaa ufa. Huyaondoa tundu kwa tundu, ndipo huvirudisha vipande mahali pake.

Kupiga ribiti mara nyingi ni kazi ya watu wawili. Mmoja hupiga kichwa cha ribiti kwa nyundo ya hewa. Mwenzake, upande wa pili wa bati, hushikilia pande zito la chuma penye mkia wake. Mkia hubonyea ukawa kichwa cha pili. Upana wa kichwa hicho uwe mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kimo chake nusu ya unene huo. Kikibonyea mno, au kikilala upande, ribiti hutobolewa, ikatolewa, ikatiwa nyingine. Eropleni ndogo ya watu wawili huweza kuwa na ribiti zaidi ya 10,000. Hata aliyenunua vipande vilivyokatwa kiwandani huweza kutumia saa 1,500 mpaka 2,000. Afanyaye kazi saa 10 kila juma atamaliza baada ya miaka mitatu au minne.

Sheria ya Marekani yataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaounda kwa kujifunza au kujifurahisha, si kwa biashara. Mkaguzi huitazama eropleni na daftari la kazi. Kisha hurushwa bila abiria, mbali na miji, kwa kawaida saa 25 au 40, ili tabia yake ijulikane.

Lakini bawa likiisha kufungwa, ribiti za ndani ni vigumu kuonekana tena. Kwa hiyo fundi mwenye busara humwita mjuzi wa chama atazame kabla ya kufunga. Hata hivyo kuna usiku ambao fundi yu peke yake, amechoka, na ribiti moja imelala upande. Hakuna aionaye ila yeye. Eropleni haianguki kwa ribiti moja. Lakini aliyeiacha ya kwanza ataiacha ya pili kwa urahisi zaidi, na siku moja atamketisha mwanawe katika kiti cha abiria.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku angani ukuta haujengwi tena. Basi ribiti mbaya na iondolewe usiku ule ule, taa ingali inawaka.